Ukurasa wa Ndugu

Jina lake halisi lilikuwa refu na la kigeni kidogo, kwa hiyo mtaani walimwita Bisibisi, na yeye hakuona ubaya. Alikuwa fundi wa cherehani. Si fundi wa kushona. Kushona hakukumpenda, naye hakukubembeleza. Alitengeneza mashine zenyewe. Ukimpelekea cherehani inayokata uzi au kuruka mishono, hakukuuliza maswali mengi. Aliinamisha sikio, akazungusha gurudumu kwa mkono mara mbili tatu, kisha akasema, "Shida haipo hapo unapodhani." Na mara nyingi haikuwepo.

Ufundi aliurithi kwa baba yake. Mzee huyo alivuka mpaka akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kikitafuta mafundi wa mashine. Baada ya muda akaenda kwao kuoa, akarudi na mke. Wakapewa vyumba viwili katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, na humo wakazaliwa watoto wawili: wa kiume kwanza, kisha, miaka mitano baadaye, wa kike, ndiye Bisibisi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee alikabidhiwa lake siku ile ile ya kwanza, akalima nalo miaka thelathini na minane, na bado wenzake walimwita Mgeni mpaka siku anastaafu. Hawakuwa na nia mbaya. Hata yeye alifika mahali ukimwita kwa jina lake hageuki.

Watoto walikua kama watoto wote wa pale. Walikimbilia kengele ile ile ya shule, wakachapwa kwa makosa yale yale. Lugha ya wazazi wao Bisibisi aliijua kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani: maneno anayapata, vichekesho vinampita.

Alipofika miaka kumi na minane, alikwenda na wenzake wa darasa kuomba kitambulisho cha uraia. Wenzake waliulizwa mtaa na tarehe ya kuzaliwa. Yeye aliulizwa baba yake alizaliwa wapi, na mama yake, na babu yake mzaa baba. Wenzake wakapata vitambulisho. Yeye akapata stakabadhi, kikaratasi chenye mhuri kilichosema kwamba ombi lake linashughulikiwa. Kila mwaka alikwenda kukigongesha mhuri upya. Kikakunjwa, kikaloa, kikagandishwa na plastiki, na herufi za mwisho za lile neno zikafutika, likabaki "linashughuli". Kaka yake akatania kwamba ombi lile lazima ni bosi, maana kila ukiliulizia lina shughuli.

Miaka kumi na sita ikapita hivyo. Simu yake ilisajiliwa kwa jina la mwanamke jirani. Kibanda chake cha ufundi kilipangwa kwa jina la mume wa jirani huyo huyo. Alipotakiwa mahali kuonyesha kitambulisho, alikuwa na tabia ya kupapasa mifuko kwanza, kana kwamba alikuwa nacho ila amekisahau nyumbani.

Kaka yake, yeye, alikuwa nacho. Na hapa ndipo pana kisa.

Kiwandani kulikuwa na msimamizi wa zamu, mwenyeji wa pale, mtu mnene wa sauti kubwa asiyejaliwa mtoto. Alimpenda Mzee kama ndugu wa tumbo moja. Kijana wa rafiki yake alipogonga ukuta ule ule wa uraia, Msimamizi alimshika mkono, akaenda naye ofisini, akaapa kwamba yule ni mwanawe wa kumzaa. Hazikupita wiki tatu kitambulisho kikatoka, na jina la baba juu yake lilikuwa la Msimamizi. Mzee alikuwa ameridhia. Kijana akaenda chuo, akawa mpima ardhi wa serikali, akajulikana kwa kazi safi. Nyumbani alibaki mtoto wa Mzee. Kwenye makaratasi hakuwa ndugu wa Bisibisi wala wa mtu yeyote wa nyumba ile.

Mambo yakaenda vizuri mpaka siku ya ndoa. Mama yao alikuwa ameshafariki. Mbele ya msajili, Msimamizi ndiye aliyetia sahihi kama baba wa bwana harusi. Mzee alikaa mstari wa tatu na tai ya kuazima, na wakwe walipouliza ni nani, wakaambiwa ni rafiki wa familia. Bisibisi, msichana wa miaka ishirini wakati huo, alikuwa ameketi kando yake. Alimwona anapiga makofi pamoja na wengine, si kwa nguvu sana wala si kwa unyonge, kama rafiki wa familia anavyopaswa kupiga. Walipofika nyumbani Mzee alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akauliza kama kuna chochote cha kula, maana chakula cha harusini hakikumshuka. Hakumlaumu mtu.

Mwaka uliofuata Msimamizi alimwambia Bisibisi kwamba yuko tayari kumfanyia na yeye wema ule ule. Bisibisi alimjibu kwa adabu, "Nakushukuru, baba mkubwa. Lakini baba ninaye." Msimamizi akacheka, kisha akaacha kucheka, na neno hilo halikurudiwa tena.

Sasa, alipotimiza miaka thelathini na minne, chuo cha ufundi cha mjini kilinunua cherehani sitini zilizotumika, na nusu yake zilikuwa mizigo tu. Mkuu wa chuo, mwanamke mwenye haraka na mwendo wa kijeshi, akamwita Bisibisi azitazame. Alizitengeneza kwa wiki tatu ndani ya karakana, na wanafunzi wakawa wanamzunguka. Bila kuombwa akawa anawaeleza: huu mkanda umelegea, hii bobini imepinda, sindano hii imewekwa kisogo mbele. Siku ya mwisho mkuu wa chuo alimwambia kwamba ametafuta mwalimu wa matengenezo miaka miwili, na leo amempata amechuchumaa chini ya meza. Muhula ungeanza baada ya miezi mitatu. Kilichohitajika ni kitambulisho tu.

Bisibisi akapapasa mifuko. Kisha akaona haya, akasema ukweli. Mkuu wa chuo akasema atamshikia nafasi mpaka muhula uanze, si zaidi.

Kwenye ofisi ya uraia alimkuta afisa mpya, mwanamke wa rika lake, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Aliishika ile stakabadhi kwa ncha za vidole.

"Dada, hii alikupa nani?"

"Ninyi."

Afisa akacheka bila kutaka. Halafu akamweleza kwamba kuzaliwa hapa ni jambo moja, na kuhesabiwa wa hapa ni jambo jingine. Lakini alikuwa mtu wa kusoma sheria mpaka mwisho, na mbele huko kulikuwa na kifungu kwa ajili ya mtu kama yeye: aliyezaliwa na wageni walioishi kwa kibali halali, na ambaye hajawahi kuishi kwingine. Kifungu kilikuwepo miaka yote. Waliomgongea mihuri hawakukifikia. Bisibisi alitakiwa alete vibali vya baba yake vya wakati ule, barua ya ubalozi wa nchi ya wazazi kwamba hawamtambui kama raia wao, mashahidi wawili waliomjua tangu kuzaliwa, na fomu ya kiapo.

Ubalozini karani alimsemesha kwa lugha ya kwao. Bisibisi akajikokota kujibu, na karani akauma mdomo.

"Unaongea kama bibi yangu," alisema kwa upole. "Maneno hayo siku hizi hakuna anayeyatumia."

Ilikuwa ni lugha ya mama yake, iliyofungashwa miaka arobaini nyuma na haijafunguliwa tena. Alipewa barua siku ile ile. Akatoka na ushahidi wenye mhuri kwamba hata kule si wa kule, akaubana kifuani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Vibali Mzee alikuwa navyo vyote. Alikuwa amevihifadhi ndani ya kitabu cha maelekezo cha mashine ya kwanza aliyowahi kufunga, kimoja kila baada ya kurasa kadhaa, kwa mpangilio wa miaka, kila kimoja na alama ya dole gumba lenye mafuta. Shahidi wa kwanza akawa Msimamizi, sasa amefiwa na mke, ana miaka sabini na minane, sauti bado kubwa. Wa pili akawa mkunga mstaafu wa zahanati ya kiwanda. Huyo hakuhitaji kukumbushwa. Alisema mtoto yule alitanguliza mguu, kama mtu anayetaka kukagua mahali kwanza kabla hajaingia.

Ikabaki fomu. Ukurasa wa kwanza na wa pili alizijaza akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu ulimfanya avute kiti. Ulitaka orodha ya watoto wote waliozaliwa na baba yake na mama yake, walio hai na waliokufa, mahali walipo, na namba ya kitambulisho cha kila mmoja. Chini yake, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba anayeapa uongo atashtakiwa.

Akampigia simu kaka yake. Kaka akaja Jumapili asubuhi peke yake, bila mke na watoto. Alisoma ule ukurasa, akaurudisha mezani taratibu kama kitu cha moto. Alimwambia dada yake aandike kwamba yeye ni mtoto wa pekee, basi, ni mstari mmoja tu. Akamkumbusha kwamba ana mke, ana watoto watatu, ana kazi aliyoitumikia miaka kumi na saba. Hakuwa akifoka. Alikuwa anaongea kama mtu anayemwomba dereva apunguze mwendo.

"Ukiniandika," alimaliza, "umenifukuza kazi kwa mkono wako."

"Na nisipokuandika," Bisibisi akasema, "nimeapa kwamba mama alizaa mara moja."

Mlango wa chumbani ukafunguka, na Mzee akatoka na fimbo yake. Alikuwa amesikia yote. Kuta za nyumba ile hazikuwa na siri. Aliketi katikati yao. Alisema kijana wake hakuibwa, yeye mwenyewe alimtoa, kwa hiari yake, ili asome. Akasema binti yake naye hana kosa kutaka kusema kweli.

"Msigombane kwa ajili ya karatasi," alisema. "Mimi najua ninao wangapi."

Lakini karatasi haikuridhika na anachojua Mzee. Kaka aliondoka bila kumaliza chai yake. Bisibisi akakaa na ule ukurasa siku nne. Mwisho akampigia tena, akamwambia uamuzi wake: hatamwandika bila ruhusa yake, na hataapa kwamba hana ndugu. Kisha akaiingiza fomu kwenye droo ya vipuri, akafunga.

Miezi mitatu ikaisha. Alikwenda chuoni mwenyewe kumwambia mkuu wa chuo asimsubiri tena. Nafasi akapewa mwanamume mmoja kutoka mji mwingine, kijana mzuri, mwenye vyeti vingi kuliko uzoefu. Wiki ya pili tu akakwama, akaagiza Bisibisi aitwe. Wengine wangesema wana udhuru. Yeye alikwenda. Akamwonyesha zile cherehani mbili zenye vituko, jinsi ya kuzigusa na mahali pasipoguswa, kwa uvumilivu ule ule aliowapa wanafunzi.

Basi ikawa siku hiyo kaka yake ametumwa kupima upya mpaka wa kiwanja cha chuo. Alikuwa nje na vyombo vyake, msaidizi amesimama mbali ameshika fito za kupimia, alipotazama dirisha la karakana akamwona dada yake amepiga magoti, anamfundisha mtu mwingine kazi iliyokuwa yake. Baadaye alisimulia kwamba alisahau namba aliyokuwa ameisoma kwenye chombo, akairudia, akaisahau tena.

Hakwenda kwa dada yake. Alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwa Msimamizi, akamwambia anataka kulirudisha jina. Alitarajia mzee yule ataumia, au ataogopa, maana na yeye alikuwa ameapa. Msimamizi akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Nilikuvalisha siku moja uvuke, nawe umelala nayo miaka ishirini na moja. Twende tukaseme."

Asubuhi ya pili walikwenda wanne kwenye ofisi ya uraia: Mzee na fimbo yake, Msimamizi na sauti yake, na ndugu wawili nyuma. Kaka ndiye aliyesema. Alieleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma ramani, na alipofika kwenye siku ya ndoa yake akashindwa kuendelea, Msimamizi akammalizia. Afisa aliweka kalamu chini, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akawatazama mmoja mmoja. Alisema aliyokwisha kuyasikia hawezi kujifanya hakuyasikia. Lakini aliyejileta si sawa na aliyekamatwa. Akawaambia warudi Alhamisi na maelezo waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, ili faili lianze na maneno yao na si ya mtu mwingine.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kaka alinyang'anywa kitambulisho, akasimamishwa kazi. Yeye na Msimamizi walifikishwa mbele ya hakimu. Msimamizi alipewa onyo, kwa umri wake. Kaka alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Mkewe alikasirika, na alikuwa na haki. Si kazi iliyomuuma zaidi. Alikuja kwa Bisibisi siku moja mchana, akasimama mlangoni.

"Miaka kumi na minne nampa huyu mzee chai kama mgeni," alisema. "Kumbe ni mkwe wangu. Mlishindwa nini kuniambia?"

Bisibisi akasogea kumpisha. Mwanamke akampita, akaenda kwa Mzee, akapiga goti, akamsalimia upya. Mzee hakujua aweke mikono wapi.

Kaka alishinda miezi ile kwenye kibanda cha dada yake, akisafisha vyuma kwa mafuta ya taa. Hakuwa na mkono wa kazi ile. Skrubu zilimkimbia, na mara moja alifunga cherehani vizuri kabisa ikabaki vyuma vitatu mezani. Wateja walipouliza ni nani huyu, Bisibisi alisema, "Ni kaka yangu," na kila aliposema, kaka aliinama zaidi kwenye kazi.

Maombi yao yalipelekwa pamoja. Kifungu kilichomfaa mmoja kilimfaa na mwenzake, kwa kuwa walizaliwa zahanati moja, kwa mkunga mmoja, na vibali vya Mzee viliwatosha wote wawili. Kwenye ukurasa wa tatu kila mmoja alimwandika mwenzake. Afisa alimuuliza Mzee kama naye angependa kuomba. Mzee alifikiri kwa heshima ya swali, halafu akakataa. Alisema yeye ana kwao na anakukumbuka vizuri. Waliokuwa hawana ni hawa.

Majibu yalichukua miezi kumi na minne. Kaka alirudishwa kazini ngazi mbili chini ya alipokuwa, akabeba fito kwa muda kabla ya kushika tena chombo. Bisibisi aliitwa ofisini kuchukua cheti chake cha uraia. Alikisoma amesimama dirishani. Jina lake lilikuwa sawa. Tarehe ilikuwa sawa. Kwenye jina la baba, aliyechapa alikuwa ameweka R mahali pa L.

Afisa aliona haya kuliko yeye. Alisema kosa hilo halitamzuia popote. Kulirekebisha ni kukirudisha makao makuu, na huko hakuna ajuaye ni miezi mingapi. Kaka alimshauri akichukue hivyo hivyo. Hata Mzee, alipoambiwa kwa simu, alisema herufi moja tu, mwanangu, acha, hata wenyeji wanazichanganya hizo wakiongea. Bisibisi alikaa kwenye benchi la wageni kama robo saa. Akarudi dirishani, akakisukuma cheti chini ya kioo.

"Kirudi," alisema. "Nimezoea kusubiri."

Afisa alimwandikia barua kwamba ombi limekubaliwa na cheti kipo kwenye marekebisho. Chuo kilikuwa kimefungua darasa la pili la matengenezo, na kwa mkuu wa chuo barua hiyo ilitosha. Kwa hiyo siku cheti kilipotoka, miezi mitano baadaye, Bisibisi alikuwa ameshafundisha karibu muhula mzima, na wanafunzi wake walikuwa wameanza kuinamisha masikio kwenye mashine kama yeye.

Alikipeleka kwa Mzee. Mzee alivaa miwani, akaweka kidole chini ya jina lake mwenyewe, akalipitia herufi kwa herufi mpaka mwisho. Halafu akaomba aletewe na cha kaka yake. Hicho kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, lakini alikipitia vile vile, herufi kwa herufi, bila haraka. Akaviweka vyote viwili magotini, kimoja juu ya kingine, akavinyoosha kwa kiganja. Kisha akauliza kama chai imeshachemka.